ThinkPad T430 za mtumba katika shule ya kata Liwale: tathmini ya mwalimu

Ninazozungumzia hapa ni kompyuta mpakato (laptop) ishirini aina ya ThinkPad T430 zilizotumika maofisini Ulaya, zikakarabatiwa, kisha zikaletwa bure katika shule yetu ya kata wilayani Liwale, mkoa wa Lindi. Nafundisha fizikia na hisabati, na chumba cha kompyuta kiko chini yangu. Kabla ya hizi tulipewa kompyuta za mezani na wafadhili wengine, kwa hiyo nina cha kulinganisha. Naandika nikiwafikiria watu watatu: mkuu wa shule aliyepigiwa simu kwamba kuna kompyuta za bure zinakuja, mwalimu atakayekabidhiwa funguo za chumba, na ndugu zetu wa Dar es Salaam au wa nje ya nchi wanaochangishana ili wapeleke kitu kwenye shule waliyosoma.

Jibu langu nalitoa mapema. Kwa shule ya kijijini, kompyuta mpakato ya ofisi iliyotoka mwaka 2012 inaishinda kompyuta ya mezani ya miaka ya karibuni, na kinachoipa ushindi ni umeme. Ukiomba msaada, uliza wati kabla hujauliza kasi wala ukubwa wa diski.

Shuleni kwetu umeme ulifika kupitia miradi ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, na ni neema kubwa. Lakini aliyewahi kukaa mwisho wa laini ndefu ya kijijini anajua hali inavyokuwa. Mchana, mashine za kusaga zikiwa kazini, volti zinashuka mpaka taa za tyubu zinapepesa. Umeme ukikatika, unaporudi unarudi kwa kishindo. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba ya nje, inazimika papo hapo, na kazi ya wanafunzi wote inaondoka nayo. Tukio hilo likijirudia ndani ya kipindi cha dakika 80, kipindi kimekwisha. Watoto wanakaa wanatazama skrini nyeusi, na mwalimu anarudi kuchora kibodi ubaoni. Hata T430 yenye betri iliyochoka, inayodumu dakika ishirini tu, inatosha mtoto kumaliza sentensi, kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa mita ya kuchomeka kwenye soketi, T430 iliyokwisha kujaa betri inakula kati ya wati 15 na 25 mwanafunzi akiwa anaandika. Kompyuta zetu za mezani pamoja na skrini zake za inchi 19 zilikuwa zinakula kama wati 90 kila moja. Chukua kompyuta ishirini kwa saa tatu kwa siku. Za mezani zinamaliza uniti 5.4, na T430 zinamaliza uniti 1.2. Uniti moja kwetu ni kama shilingi 350. Kwa siku ishirini za masomo, za mezani ni karibu shilingi 38,000 kwa mwezi, na T430 hazifiki hata 9,000. Kwa shule inayoendeshwa kwa ruzuku ya elimu bila ada, ambayo kwa sekondari imepangwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima, na fungu hilo ndilo linalotarajiwa kugusa vitabu, mitihani na ukarabati, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama chumba kitafunguliwa Jumatatu au kitabaki na kufuli.

Kwa shule zisizo na gridi kabisa hesabu inauma zaidi. Betri moja ya sola ya volti 12 na Ah 200 inabeba uniti 2.4, na ukitaka idumu usiikaushe chini ya nusu. Inabaki uniti 1.2, ambayo ndiyo mahitaji ya T430 ishirini kwa saa tatu. Kuna kinachopotea kwenye inveta, kwa hiyo weka betri mbili uwe na nafasi. Kuendesha kompyuta za mezani ishirini kwa sola kunataka benki ya betri ambayo bei yake inazidi kompyuta zenyewe. Nimeona shule yenye kompyuta nzuri za mezani zimefunikwa vitambaa vya kudarizi, safi kabisa, hazijawahi kuwashwa zote kwa pamoja tangu ziletwe.

Sasa niseme kuhusu mzigo wetu wa kwanza, kwa sababu ndani yake kuna mambo ambayo mfadhili mwema anaweza asiyajue na mwalimu anaweza asiyaulize. Wafadhili sitawataja. Kompyuta zilitoka Marekani. Plagi zilikuwa za miguu miwili bapa, wakati soketi zetu ni za pini tatu za Kiingereza. Siku ya kuzifungua nilimwita fundi wetu, kijana ambaye kazi yake kubwa ni simu na redio pale mjini Liwale. Watu walikuwa wameshaleta ekstensheni na adapta. Yeye akapiga magoti nyuma ya meza, akamulika kwa tochi ya simu, akasema, "Mwalimu, usichomeke kwanza. Njoo uone hapa."

Nyuma ya pawa saplai, karibu na tundu la waya, palikuwa na swichi ndogo nyekundu ya kusogeza kwa ncha ya bisibisi. Imeandikwa 115. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Ukichomeka hivyo, unasikia mlio mmoja, unanusa harufu ya kuungua, na hiyo kompyuta umeshaiaga. Fundi alizipitia moja moja akizisogeza zote kwenye 230. Kwenye mzigo mzima hapakuwa na karatasi wala kibandiko chochote kinachotaja jambo hilo. Kwa hiyo, mkuu wangu, kompyuta za mezani zikikufikia kutoka Marekani, tafuta hiyo swichi nyekundu kabla ya hotuba na kabla ya picha ya makabidhiano. Pawa saplai nyingi za siku hizi zinajirekebisha zenyewe, lakini za zamani nyingi hazina uwezo huo. Chaja za kompyuta mpakato karibu zote zinapokea volti 100 hadi 240, na hiyo ni hoja nyingine upande wa T430.

Jambo la pili lilikuwa nyaya. Kompyuta zilikuwa na tundu la DisplayPort na skrini zilikuwa na VGA peke yake. Kitu cha kuunganisha kati yake hakikuwemo. Kile kidude kinapatikana Kariakoo kwa bei ndogo tu, lakini Kariakoo si hapa jirani, na pesa yake haikuwa kwenye bajeti yoyote. Kompyuta zilikaa muda mrefu kwa sababu ya kidude hicho.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Sehemu ya mzigo haikuwaka kabisa. Tulishasaini hati ya kupokelea, na mali ilishaingia kwenye leja. Kifaa kikishaandikwa kwenye leja ni mali ya umma: kikifa hukitupi, hukiuzi, wala humpi fundi afungue akatoe vipuri. Kukiondoa kuna taratibu zake kuanzia halmashauri kwenda juu, na hazina haraka. Basi vinakaa stoo vikigombea nafasi na mahindi ya chakula cha wanafunzi. Na si vitu vya kukaa jirani na chakula. Skrini bapa za zamani, zile zenye taa ya mrija nyuma ya kioo, zina zebaki. Zile za kichogo zina risasi ndani ya kioo chenyewe. Tangu tarehe 1 Januari 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za kielektroniki, ziwe na sumu au zisiwe nayo, zisivushwe mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali kwanza. Kompyuta isiyowaka iliyopakiwa kontena moja na zinazowaka, kwa jina la msaada wa elimu, kwangu mimi ni taka hizo hizo. Inaniuma kwa sababu mtoto wa Liwale hakuiomba.

Cha kupewa hakichaguliwi, ndivyo wengi wanavyosema, na wakuu wa shule wanaona aibu kumwuliza mfadhili maswali. Kwenye kompyuta naomba tuiache hiyo aibu. Washa kila moja mbele ya aliyeileta. Isiyowaka isiandikwe, irudi naye.

T430 zilikuja kwa njia tofauti. Shirika lililozileta nalo sitalitaja, kwa kuwa nina ya kulisifu na ya kulilaumu. Walituma kwanza orodha ya maswali: umeme upo au haupo, madirisha yana nondo, chumba kina dari, nani atasimamia, fundi wa karibu yuko umbali gani. Swali hilo la fundi lilinipa moyo kuliko yote. Kisha mzigo ukakwama njiani, maana ilikuwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga. Hilo si kosa la mtu. Ulipofika ulikuwa mkavu, kila kompyuta ndani ya mfuko wake.

Kompyuta yenyewe sasa. T430 ni kipande cha kazi. Ina uzito wa zaidi ya kilo mbili, mwili mweusi, bawaba ngumu zisizolegea hata kama mtoto anafungua kwa mkono mmoja. Imejengwa na watu waliotegemea kwamba itafunguliwa. Diski inatoka kwa kulegeza skrubu moja ubavuni na kuivuta. Betri inachomoka kwa vidole viwili. Kibodi inashikiliwa na skrubu mbili chini. Ukizitoa unaisukuma kibodi kuelekea kwenye skrini, inanyanyuka. Nawaambia wasomaji wangu walimu, hii ni sifa kubwa kuliko kasi yoyote. Kompyuta nyembamba za kisasa nyingi zina betri iliyofichwa ndani na RAM iliyochomelewa kwenye bodi. Ikifa, imekufa yote. T430 ikifa tunajua ni kiungo gani, na tunakibadilisha hapa hapa Liwale.

Kibodi ninaitaja kwa sababu nyingine pia. Kadhaa kati ya zetu zilitoka ofisi zinazotumia mpangilio wa AZERTY, ule wa Ufaransa na Ubelgiji. Kwenye mpangilio huo A imekaa mahali pa Q, na M imehamia pembeni. Hebu mpe mtoto aandike "mama anapika ugali" kwa kibodi hiyo huku kitabu chake cha kompyuta kinamwonyesha mpangilio mwingine. Herufi A ndiyo tunayoigonga zaidi katika Kiswahili kuliko zote, nayo ndiyo iliyohama. Shirika lilituma kibodi za kubadilisha, na fundi akazimaliza mchana mmoja. Kama zingekuwa za aina ya kung'oa bodi nzima, tungebandika stika na kuzoea shida. Mfadhili wa Ulaya akisoma hapa: kibodi iangaliwe kabla mzigo haujafungwa.

Kuna kitaa kidogo juu ya skrini kinachomulika kibodi. Kinawashwa kwa Fn na spesi. Ofisini Ulaya sidhani kama kuna aliyekijali. Kwetu, umeme ukikatika jioni wakati wa masomo ya ziada kwa kidato cha nne, chumba kizima kinaendelea kwa vitaa hivyo.

Upungufu upo. Betri zimechoka, na hazilingani: nyingine inashika saa mbili, nyingine dakika kumi na tano. Nimezipanga kwa alama ya rangi, na zile dhaifu zinakaa karibu na soketi. Skrini ni ya 1366 kwa 768 na haina mwanga wa kutosha. Mwanafunzi aliyekaa dirishani haoni kitu saa sita mchana, tukaweka mapazia. Chaja za T430 zina kichwa cha duara, na katika mzigo zilipenya chache za kichwa cha mstatili za toleo lililofuata, ambazo haziingii. Chaja ndicho kitu cha kwanza kuharibika shuleni, kwa kuwa waya unakanyagwa na kukunjwa kila siku. Omba za ziada kuliko wanavyotaka kukupa. Na nyigu: wanapenda kujaza udongo kwenye matundu ya USB wakati wa likizo. Tunayaziba kwa vipande vya sponji tunapofunga shule.

Vumbi jekundu sitalizungumzia sana, kila anayeishi huku analijua. Brashi ya rangi isiyotumika, na kila muhula fundi anafungua feni na kupaka upya ule ute wa kupooza prosesa. Basi.

Upande wa programu, T430 haikidhi masharti rasmi ya Windows 11, na Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo ndilo linalofanya maofisi ya Ulaya na Marekani kutoa kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo mashule yatapigiwa simu nyingi kipindi hiki. Zetu zinatumia Linux Mint 22, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, ambao utaendelea kupata marekebisho mpaka mwaka 2029. Kwa RAM ya GB 8 na diski ya SSD inawaka haraka kuliko kompyuta mpya ya bei rahisi niliyoiona ofisini kwa mtu. Virusi vya flashi, vilivyokuwa vinatumalizia kompyuta za mezani, si habari tena.

Walimu wenzangu wengi wana hofu hapa, na ni hofu ya haki: vitabu vya somo na mazoezi vinaonyesha Word na Excel za Microsoft. Tunatumia LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, tumeipa mwonekano wa vichupo unaofanana na Word, na mtoto anayejua kwa nini aya inapangwa hivi au fomula inaanza na alama ya sawa hapotei akikaa mbele ya kompyuta nyingine. Hata hivyo mbili kati ya kompyuta tumeziachia Windows kwa ajili ya watahiniwa wa somo la kompyuta, bila intaneti. Jambo la programu huria si geni nchini kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, wakati wengi wetu hatujawahi kugusa kompyuta.

Kilichonifanya niipende huduma hii kuliko vyuma vyenyewe ni Kolibri. Hii ni programu ya bure ya Learning Equality, shirika la Marekani, na imetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Moja ya T430 tumeifanya seva. Imeunganishwa na ruta ndogo, na zile nyingine zinaingia kwa waifai kupitia kivinjari, bila bando hata la shilingi mia. Menyu ziko kwa Kiswahili. Ndani kuna video za Khan Academy, hadithi za African Storybook, mazoezi, na PhET, majaribio ya sayansi ya kufanyia kwenye skrini ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yale yaliyoasisiwa na mwanafizikia Carl Wieman mwaka 2002.

Hapa nina maoni ambayo sijayasikia kwa wanaoleta kompyuta hizi. Wao hupenda kuonyesha video. Watoto wetu wanatoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, wanaingia kidato cha kwanza kwa Kiingereza, kisha wanawekewa video ya Mmarekani anayezungumza haraka. Nimekaa nyuma ya darasa nikawatazama: wanaangalia midomo, wanatikisa kichwa, ukiuliza hakuna alichobeba. Majaribio ya PhET hayana sauti ya kumkimbiza mtu. Ni waya, balbu na betri kwenye skrini, na mtoto anavuta kwa kidole.

Maabara yetu ilikuwa na amita moja, kipimo cha mkondo wa umeme, inayofanya kazi kwa kidato kizima. Nilipofika mada ya umeme kidato cha tatu, niliwaweka watatu watatu kwenye T430 na kuwaambia wawashe balbu. Sikusema zaidi. Kundi la wasichana upande wa dirishani waliunga waya kutoka upande mmoja wa betri kwenda upande wa pili bila balbu katikati, na betri ikawaka moto kwenye skrini, miali ya rangi ya chungwa. Walipiga kelele mpaka darasa la jirani likachungulia. Mmoja akaniita, "Madam, tumeunguza!" Nikamwuliza kwa nini imeungua na ya jirani yako haijaungua. Akatazama ya jirani, akatazama yake, akahesabu vitu vilivyopo njiani kwa kidole. Akasema, "Ya kwao umeme una kazi. Yetu hauna cha kuuzuia." Nimefundisha ukinzani kwa chaki miaka mingi, na jibu hilo sikuwahi kulipata bila mtoto kulikariri. Baadaye ndipo tukaleta neno la Kiingereza na fomula, na vilipata pa kukaa.

Kwa walimu wa historia, jiografia na Kiswahili kuna Kiwix, inayobeba Wikipedia nzima bila intaneti. Ya Kiingereza pamoja na picha inazidi GB 100. Ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 70,000, inaingia hata kwenye flashi ndogo. Makala za Kiswahili nyingi ni fupi sana, mwalimu ajue hivyo kabla ya kutoa kazi. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo kwenye maktaba yao ya mtandaoni, na Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu, ina notsi zinazofuata mtaala wetu. Ningependa sana wanaokarabati kompyuta waanzie hapo. Maudhui yaliyokuja kwenye seva yetu ni mazuri, lakini hayakupangwa kwa mada za mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, na kazi ya kuyapanga ilibaki kwa mwalimu usiku.

Lawama zangu kwa shirika ni mbili. Mafunzo yaliwekwa wakati wa likizo ya Juni, walimu wengi wakiwa makwao, kwa hiyo waliohudhuria tulikuwa wachache, na somo kubwa likawa jinsi ya kuwasha na kuzima. Mwalimu wa Kiswahili alihitaji kujua atafanya nini na kompyuta hii kwenye kipindi chake cha ushairi, hilo halikuguswa. Na baada ya picha za makabidhiano hakuna aliyerudi kuuliza. Kinachofanya chumba kiendelee ni yule fundi wa simu. Walimfundisha pamoja nasi, wakamwachia boksi la vipuri: chaja, SSD, kibodi, na betri zile za sarafu za CR2032 ambazo zikiisha kompyuta inasahau tarehe. Kama ningeambiwa nichague kati ya kompyuta kumi zaidi na lile boksi pamoja na mafunzo ya fundi, ningechukua boksi.

Kwa mnaotafuta pa kuanzia: Computer Aid International ya London inakarabati na kusambaza kompyuta tangu miaka ya 1990, Camara ya Ireland ilianza 2005, na Computers for Schools Kenya ya Nairobi tangu 2002. Labdoo hutumia wasafiri wenye nafasi kwenye begi kubeba kompyuta mpakato moja moja, njia nzuri kwa shule inayohitaji chache. Nyumbani, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, hupeleka kompyuta mashuleni. Peleka barua kupitia halmashauri. Wote hawa waulize maswali yale yale: wati ngapi, chaja ngapi za ziada, kibodi ya wapi, nani anabeba zikifa.

Na kwa ndugu zetu mnaochangishana: msihangaike na kontena kwa kompyuta ishirini au thelathini. Kuna maduka Kariakoo yanayouza kompyuta mpakato za mtumba za daraja hili hili. Mkinunua pale mnazijaribu, mnapewa dhamana hata ya muda mfupi, hamlipi bandari, na pesa inayobaki inatosha nondo za madirisha na posho ya mlinzi. Hivyo viwili msivisahau, kwa sababu chumba chenye kompyuta mpakato ishirini zinazoingia kwenye begi kinajulikana na kila mtu.

Kwa nyota tano, T430 naipa nne. Moja imekatwa na betri na skrini. Huduma naipa tatu, na ingekuwa nne kama wangerudi kututembelea. Ishirini zote bado zinawaka. Tunachohitaji sasa ni betri mpya sita na chaja za kichwa cha duara. Nakala ya diski ya seva yetu, ikiwa na Kolibri na notsi nilizopanga kwa mada za fizikia kidato cha kwanza hadi cha nne, shule yoyote ya Liwale, Nachingwea au Ruangwa inaweza kuipata: njooni na diski ya GB 500 siku ya kazi, kunakili kunachukua saa chache, na fundi atawaonyesha namna ya kuiwasha.